Kuandika Ripoti za Daktari Ukiwa Nyumbani: Tupime Kwanza Kabla ya Kutoa Mkopo

(Mazungumzo haya yalitolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika siku ya mafunzo. Tunayachapisha ili vikundi vingine viyasome na kuyajadili.)



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ambayo vijana wetu wanaitaja sana. Msichana amemaliza kidato cha nne, anakaa nyumbani, halafu siku moja anakuja kwa kikundi na kusema: "Nipeni mkopo wa shilingi 60,000. Nitanunua kompyuta, nitalipa kozi, kisha nitakuwa nikiandika ripoti za madaktari wa Marekani nikiwa hapa hapa nyumbani."

Mweka hazina anashika kichwa. Pesa hizo ni za kina mama waliouza maziwa na sukuma wiki, wakaweka kidogo kidogo kila wiki. Akikataa, ataambiwa anamzuia mtoto wa watu. Akikubali na kazi isipatikane, kikundi kinaweza kuvunjika. Kwa hivyo leo sikuja kusema "toeni" wala "msitoe". Nataka tuijue kazi yenyewe, ndipo kila kikundi kijipimie.

KAZI HII NI GANI?

Inaitwa unukuzi wa kitabibu. Huko Marekani, kwa miaka mingi daktari akimaliza kumwona mgonjwa hakuwa na nafasi ya kuandika yote. Alisema kwa kinasa sauti: mgonjwa amelalamika nini, nimepima nini, nimempa dawa gani. Halafu mtu mwingine, yaani mnukuzi, alisikiliza kwa hedifoni na kupiga taipu ripoti safi ya kuwekwa kwenye faili la mgonjwa.

Ripoti zinazoandikwa sana ni za aina nne: historia na uchunguzi wa mgonjwa anapolazwa, maoni ya daktari bingwa aliyeombwa ushauri, maelezo ya upasuaji, na muhtasari wa matibabu mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani.

Kwa sababu kazi ni ya kusikiliza na kuandika, iliweza kufanyiwa nyumbani. Zamani wanukuzi walibeba kanda za sauti. Intaneti ilipokuja, sauti zilianza kutumwa mbali, na kazi nyingi zilikwenda India na Ufilipino. Kwa hivyo kijana akisema kazi kama hii ipo, hasemi uongo. Lakini kuna mambo mengine ambayo tangazo halimwambii.

UJUZI UNAOTAKIWA

Wengine wanadhani ni kujua kuchapa tu. Hapana. Kuchapa ni mlango. Mtu anayetaka kazi hii ajaribu kufika maneno 50 au 60 kwa dakika, bila makosa mengi na bila kutazama vidole. Zaidi ya hapo, anatakiwa kujua Kiingereza vizuri, majina ya viungo vya mwili, magonjwa, dawa na vipimo. Tena azoee kumsikia daktari anayesema haraka, au mwenye lafudhi ngeni.

Nitatoa mfano. Kuna maneno mawili ya Kiingereza, hypertension na hypotension. Kwa sikio ni karibu sawa. Lakini la kwanza ni presha kupanda, na la pili ni presha kushuka. Ukiandika moja mahali pa lingine, daktari wa zamu inayofuata anaweza kumpa mgonjwa dawa isiyomfaa. Tena kuna fifteen na fifty, yaani 15 na 50. Miligramu 15 za dawa si sawa na miligramu 50!

Ndiyo maana wanukuzi wana sheria moja kubwa: usilolisikia, usilibahatishe. Acha nafasi, weka alama na dakika ya sauti, ili daktari mwenyewe asikilize tena na kujaza. Anayeona aibu kuacha nafasi wazi hafai kazi hii, hata akichapa kama umeme.

KAZI IMEBADILIKA

Jambo hili wauzaji wa kozi hawapendi kulisema. Siku hizi kompyuta husikia sauti na kuiandika yenyewe. Tena mwaka 2009 Marekani ilipitisha sheria ya kuwapa madaktari na hospitali pesa za kuwahimiza watumie rekodi za kompyuta. Madaktari wengi sasa huandika wenyewe kwa kompyuta, au husema na mashine ikaandika. Kazi iliyobaki kwa mnukuzi mara nyingi ni kusahihisha ile iliyoandikwa na mashine. Idara ya takwimu za kazi ya Marekani yenyewe inakadiria kwamba ajira za wanukuzi wa kitabibu zitaendelea kupungua.

Jambo la pili: kampuni nyingi za kazi hiyo hutaka mfanyakazi aliye Marekani, aliyesomea, na mwenye uzoefu. Mlango wa kijana wa kijijini kwetu kuingia moja kwa moja ni mwembamba sana. Nalisema hili wazi kwa sababu pesa mnazotaka kukopesha ni za jasho.

Na huko kwetu je? Katika zahanati zetu, mganga huandika mwenyewe kwa kalamu au kwa kompyuta. Hakuna kazi nyingi za namna hii za kuajiri kijana wa kijijini.

MITEGO MITATU

Wa kwanza ni kulipia kazi. Mtu anasema, "Tuma shilingi 5,000 za kujiandikisha, kazi utapata kesho." Mwajiri wa kweli hulipa mfanyakazi; mfanyakazi hamlipi mwajiri ili apewe kazi. Tofautisheni hapo: karo ya kufundishwa ni jambo moja, na unaweza kuipima. Pesa ya "kufunguliwa kazi" ni jambo lingine kabisa, na hiyo msitoe.

Wa pili ni kununua akaunti. Mtu anauza jina lake alilojiandikisha nalo kwa kampuni ya nje, na kijana anafanya kazi kwa jina hilo. Huo ni udanganyifu. Kampuni ikigundua hufunga akaunti, na pesa zilizokuwa ndani zinapotea. Hata isipogundua, yule mwenye jina anaweza kuzichukua. Utamshtaki wapi, nawe ulikuwa unatumia jina lisilo lako?

Wa tatu ni mnyororo wa madalali. Mwaka 2003 hospitali ya Chuo Kikuu cha California huko San Francisco ilipata ujumbe kutoka kwa mwanamke aliyekuwa Pakistan. Alikuwa ameandika ripoti za wagonjwa wao, hakulipwa, naye akatishia kuziweka siri za wagonjwa hadharani. Ilipochunguzwa, hospitali iliona kwamba kazi iliyoipa kampuni moja ilikuwa imepita kwa mtu wa Florida, ikapita kwa mtu wa Texas, ndipo ikamfikia huyo mama. Aliye mwisho wa mnyororo hupata makombo, na akidhulumiwa hajui wa kumlilia. Lakini alichotishia kufanya kilikuwa kosa kubwa pia, maana wagonjwa hawakuwa wamemdhulumu. Kijana akipewa kazi, aulize: ni nani hasa anayelipa, na kuna watu wangapi kati yetu?

TUFANYE HESABU PAMOJA

Tuseme, kwa mfano tu, tangazo linasema dola 20 kwa saa. Mzee mmoja hapa atasema, "Hiyo ni pesa nzuri!" Ngoja kwanza. Saa gani? Mara nyingi ni saa ya sauti, si saa ya kazi. Sauti ya saa moja inaweza kumchukua anayeanza saa 5 au zaidi, maana husimamisha, hurudisha nyuma, hutafuta neno, kisha husoma tena. Gawanya dola 20 kwa 5. Ni dola 4 kwa kila saa aliyokaa kitini. Toa bando za intaneti, toa stima, toa makato ya kupokea pesa kutoka nje.

Kampuni nyingine hulipa kwa mstari. Katika kazi hii mstari umehesabiwa kwa kawaida kuwa herufi 65, pamoja na nafasi. Akilipwa senti 4 za dola kwa mstari, mistari 100 ni dola 4. Sasa aulize tena: mistari 100 itanichukua muda gani?

Hesabu hii haisemi kazi ni mbaya. Kwa wengine dola 4 kwa saa ni afadhali kuliko kibarua. Inasema tu kwamba mkopo upangwe kwa hesabu ya kweli, wala si kwa hesabu ya tangazo.

MLANGO MWINGINE ULIO KARIBU

Ndugu zangu, kuna kazi ya jirani na hii ambayo watoto wetu wana nguvu nayo kuliko Mmarekani. Watafiti wa afya, wa vyuo vikuu na wa mashirika, huja vijijini kuhoji watu juu ya malaria, uzazi, maji na mengineyo. Mahojiano hayo hufanywa kwa Kiswahili, Kikamba, Kijaluo, Kikuyu, Kigiriama na lugha nyingine. Baadaye lazima mtu ayasikilize, ayaandike neno kwa neno, kisha ayatafsiri kwa Kiingereza. Mashine bado zinakosea sana katika lugha zetu nyingi. Hapo anatakiwa mtu aliyekulia katika lugha hiyo, ambaye anajua mama akisema "mtoto ana joto" anamaanisha nini.

Kijana anayejifunza kuchapa, kusikiliza na majina ya magonjwa anaweza kuanzia hapo. Anaweza pia kuandika kumbukumbu za mikutano na semina. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Uzoefu huo ndio atakaouonyesha akitafuta kazi kubwa zaidi.

Kuhusu mafunzo, msikimbilie kozi ya bei kali. Mpango wa serikali uitwao Ajira Digital, ulioanza mwaka 2016, umewafundisha vijana kazi za mtandaoni bila karo, na unukuzi umekuwa mojawapo. Kijana aulizie huko kwanza.

KIKUNDI KIKOPESHE KWA HATUA

Bwana Yesu alieleza habari za mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza huketi na kuhesabu gharama. Nasi tuketi. Ninapendekeza hatua nne.

Hatua ya kwanza, miezi miwili bila mkopo. Kijana ajizoeze kuchapa katika kompyuta ya shule, ya parokia au ya rafiki. Mwisho wa miezi hiyo mwalimu ampime.

Hatua ya pili, apewe sauti ya dakika 10, kama vile mahubiri au kipindi cha afya cha redio, aiandike yote. Mtu mwingine asikilize akifuata kwa karatasi. Makosa yahesabiwe, na saa alizotumia ziandikwe.

Hatua ya tatu, mkopo mdogo wa hedifoni na bando, arudishe kutokana na kazi yoyote ya kuandika aliyoipata karibu.

Hatua ya nne, ndipo mkopo wa kompyuta. Kompyuta ibaki dhamana ya kikundi mpaka deni liishe. Hata kazi ya nje isipopatikana, kompyuta inaweza kuchapa barua na kumbukumbu za kikundi, na pesa zikarudi.

Anayepita hatua hizi ameonyesha bidii. Anayekasirika kwa sababu hakupewa 60,000 siku ya kwanza, huyo amejibu swali lenu mwenyewe.

SIRI YA MGONJWA

Neno la mwisho, na kwangu ndilo zito. Mtu anayeandika ripoti ya mgonjwa ameingia chumbani kwa mgonjwa. Anajua nani ana virusi, nani alipoteza mimba, nani ana ugonjwa wa akili. Marekani ina sheria ya kulinda habari hizo tangu 1996. Nasi Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, ambayo inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Kwa hivyo kazi hii haifanyiwi mezani pa chai watoto wakichungulia, wala kwa kompyuta isiyo na neno la siri, wala haisimuliwi kisimani. Kama nyumba haina kona ya faragha, kikundi kitafute chumba.

Nimalizie hapo. Tusiwavunje moyo vijana, wala tusiwaache waende kwa macho yaliyofungwa. Tuwasaidie kununua ujuzi, lakini kazi yenyewe wasiinunue. Mungu awabariki.

KWA MAJADILIANO YA KIKUNDI

1. Je, katika kikundi chetu kuna kijana aliyewahi kuombwa pesa ili apewe kazi? Ilikuwaje?
2. Nani karibu nasi ana kompyuta ambayo kijana anaweza kujizoeza nayo?
3. Ni kazi gani za kuandika zinapatikana hapa kwetu, na ni nani anayelipia?
4. Tukikopesha kwa hatua, nani atampima kijana, na lini?