Nyumba Ndiyo Shule ya Kwanza ya Dini

Maneno ya katekista mmoja mbele ya Wakristu na walimu, siku ya Yubilei ya Jimbo





Siku hii ya yubilei tumeimba nyimbo za shukrani, tumesikia habari za wale waliotuletea dini, na kazi ya waliojenga makanisa yetu imesifiwa mbele yetu. Ni haki yao, maana mtoto asiyewajua waliomlea hajui alikotoka. Lakini mimi nimeagizwa kusema neno juu ya jengo jingine, lisilo na mnara wala kengele, wala jiwe la msingi lililobarikiwa na Askofu. Jengo hilo ni nyumba yako wewe unayenisikiliza. Dini ya mtoto huanza pale, katika mambo ya kila siku; wala hapana shule wala mwalimu awezaye kuijaza nafasi hiyo, baba na mama wakiiacha tupu.

Kwanza tukumbuke yaliyotokea ng'ambo ya ziwa letu. Padri Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, alifika Buganda pamoja na Bruda Amans mwezi wa Februari mwaka 1879, na mwaka uliofuata watu wa kwanza wakabatizwa. Hata mwisho wa mwaka 1882, mambo ya ikulu ya Kabaka Mutesa yalipokuwa mabaya, Mapadri wakaondoka, wakavuka kwenda kusini mwa ziwa, wakakaa huko zaidi ya miaka miwili. Mkristu wa siku zile angeweza kusema, "Walimu wetu wamekwenda zao, basi, dini imekwisha." Waliobatizwa walikuwa wachache, na wengine wao hawajatimiza mwaka tangu ubatizo wao. Padri hapana, Misa hapana.

Walakini Mapadri waliporudi mwaka 1885, Mutesa amekwisha kufa na Mwanga anatawala, walikuta hesabu ya wanaojifunza dini imeongezeka. Ni nani aliyewafundisha? Walifundishana wenyewe: vijana wa ikulu wao kwa wao, na wenye nyumba katika nyumba zao. Kule Mityana, Matia Mulumba, aliyebatizwa mwaka 1882, aliwakusanya watu nyumbani kwake kusali na kujifunza. Na Noa Mawaggali, mfinyanzi wa vyungu, alikuwa mmoja wao. Mwaka 1886 wote wawili waliuawa kwa ajili ya dini, na mwaka 1964 Papa Paulo wa 6 aliwatangaza kuwa Watakatifu pamoja na wenzao. Twawaheshimu kwa damu yao, nasi twafanya vema. Lakini kabla ya kumwaga damu, walikuwa wamekwisha kusali na watu wa nyumbani mwao jioni nyingi ambazo hapana mtu aliyeziandika. Kifo kile kilikuwa tunda. Mti wake ulipandwa nyumbani.

Tena tuangalie upande wetu huu. Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza wa zama zetu kufanywa Kardinali, alibatizwa angali mtoto mwaka 1921, pamoja na wazazi wake. Fikirini neno hilo: pamoja na wazazi wake. Baba na mama hawakumtuma mtoto aende peke yake mahali ambapo wao wenyewe hawakwenda.

Wako wasemao, "Hayo ni ya kale, siku hizi tuna shule." Shule ni njema, mimi mwenyewe ni mtoto wa shule ya misheni, na shukrani yangu haina mwisho. Lakini shule yaweza kubadilika mikono. Wazee wetu hawajasahau jinsi shule za misheni zilivyotwaliwa na Serikali kwa sheria ya mwaka 1969. Mwalimu huhamishwa, Padri huhamishwa, kijana humaliza darasa akaenda zake. Nyumba aliyozaliwa humfuata moyoni hata mji wa mbali.

Ndugu zangu, sasa nitasema habari ya aibu yangu. Nimefikiri sana kama inafaa kuisema siku ya furaha. Nikaona yafaa, maana huenda yuko hapa mwenye aibu kama yangu.

Kwa miaka mingi nalikuwa nikitoka alfajiri kwa baisikeli kwenda vigangoni kufundisha wakatekumeni. Nikirudi usiku nimechoka, nala, nalala. Nyumbani sikusali na mtu, kwa kuwa nalidhani nimekwisha kusali vya kutosha huko nilikotoka. Kijana wangu mkubwa alikuwa wa kwanza katika mtihani wa katekisimu, nami nikajivuna mbele ya watu.

Usiku mmoja shangazi yangu mzee, aliyekaa kwetu, alishikwa na ugonjwa wa kufa. Mimi nalikuwa mbali, kigangoni. Mke wangu, akiwa amempakata mgonjwa kichwa, akamwambia kijana, "Mwanangu, msalie bibi yako." Kijana akasimama kimya. Aliweza kujibu swali la Utatu Mtakatifu, alijua Sakramenti saba na majina yake. Lakini kumsalia mtu anayekufa mbele yake, hakujua aanzie wapi. Ndipo binti wa jirani, mdogo kuliko yeye, ambaye mama yake hajui herufi hata moja, akapiga magoti penye mkeka, akamshika mgonjwa mkono, akaanza Baba Yetu, kisha Salamu Maria, polepole, kama wafanyavyo kwao kila jioni. Shangazi akafumbua macho, na midomo yake ikatikisika pamoja na ya mtoto yule. Kabla ya jogoo kuwika alifariki.

Niliporudi na kusikia habari hiyo, nalimwita kijana nikamwuliza kwa ukali, "Wewe mwana wa katekista, ulinyamazaje?" Akainamisha uso, akasema, "Baba, kanisani nakusikia ukisali na watu. Hapa nyumbani sijakusikia bado."

Sikumpiga, wala sikumjibu. Nalitoka nje nikakaa migombani hata jua likapanda. Nalikuwa nimefundisha watoto wa watu mamia, na wa kwangu nimemwachia kitabu.

Jioni ile tulianza. Nawaambieni kweli, mara ya kwanza ilikuwa vigumu. Mimi nisemaye mbele ya umati nalitetemeka mbele ya mke wangu na watoto wanne. Sala ilikuwa fupi, na mtoto mdogo alicheka. Lakini tulirudia kesho yake, na siku ya tatu mdogo yule ndiye aliyetukumbusha.

Basi mtauliza, Je, twataka kila nyumba iwe na ubao na chaki, baba apige kengele, watoto wakae mistari? Hasha. Musa alipowaagiza Waisraeli kuwafundisha watoto wao amri za Mungu, hakutaja darasa. Alitaja kukaa nyumbani, na kutembea njiani, na kulala, na kuamka. Ndiyo saa zetu sisi sote, mwenye mali na maskini.

Asubuhi, mama amshike mtoto mdogo mkono, amwongoze kufanya Ishara ya Msalaba kabla hajatoka mlangoni. Shambani, mtoto akiuliza kwa nini mbegu yaoza kisha yaota, usimwambie, "Nyamaza, lima." Hapo Mungu amekufungulia mlango, mwambie habari ya Bwana wetu aliyezikwa akafufuka. Wakati wa kula, shukuruni kwanza. Na kama jirani yu na njaa, mpe mtoto bakuli alipeleke yeye mwenyewe, ili ajue kwa mikono yake maana ya upendo. Jumapili njiani, mwulize Padri amesema nini, nawe usikilize jibu lake. Jioni, kabla ya usingizi kuwashika, weka chini simu yako, zima redio, mkusanyike. Nyumba iwezayo kusali Rozari nzima, isali. Isiyoweza, isali fungu moja, lakini isiache.

Tena mjue ya kuwa twafundisha hata tusipokusudia. Baba akitia mawe katika gunia la kahawa mtoto akitazama, amemfundisha kuivunja amri ya saba, na katekista hawezi kulifuta somo hilo kwa siku moja. Baba na mama wakigombana mbele ya watoto, kisha wakapatana chumbani kwa siri, watoto wamejua ugomvi tu, msamaha hawakuuona. Kama mligombana mbele yao, ombaneni radhi mbele yao. Nami najua ni chungu, maana nimefanya.

Mama mmoja ataniambia, "Mimi sijui kusoma." Mama yangu, yule binti aliyemsalia shangazi alifundishwa na mama asiyesoma. Mtakatifu Paulo, alipoisifu imani ya Timoteo, alimkumbuka bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Mtoto wako akisoma, mwambie akusomee Injili; yeye atatoa macho, wewe utatoa maana.

Baba mwingine atasema, "Sina nafasi, na hiyo ni kazi ya walimu." Bwana wetu mwenyewe alikaa Nazareti miaka ipatayo thelathini, katika nyumba ya fundi seremala, akiwatii Maria na Yosefu, kabla ya kuhubiri kwa muda mfupi tu. Na Kanisa limesema wazi. Papa Pius wa 11 aliandika waraka juu ya malezi mwaka 1929. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza mwaka 1965 ya kuwa wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Sisi walimu ni wasaidizi wenu. Msaidizi hawezi kulima shamba ambalo mwenyewe hakulifyeka.

Nanyi walimu wenzangu, neno moja. Tusiwadharau wazazi kwa kuwa hawajui maneno ya kitabu. Tuwatembelee. Mtoto akijifunza sala mpya, tumwagize aende akaisali na watu wa kwao, kisha atuambie nani alisali naye. Na kwanza kabisa tutazame nyumba zetu wenyewe, isije taa yetu ikawaangazia wapita njia, na watoto wetu wakakaa gizani.

Wazee walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Siku moja yubilei nyingine itafika, nasi wengi tutakuwa tumelala makaburini. Makanisa haya yatapakwa chokaa tena, mabati yatabadilishwa. Lakini je, usiku ule tutakapokuwa tunakufa, yuko mtoto atakayetushika mkono na kujua aanzie wapi? Jibu lake halingoji yubilei. Laanza leo jioni, mkirudi kwenu, penye mafiga.

Mungu azibariki nyumba zetu zote, kwa maombezi ya Familia Takatifu ya Nazareti. Amina.