Mvua ya Kivu na Mapaa ya Shule Zetu

Maneno ya walimu wazaliwa wa Same wanaofundisha Rwanda, yaliyosomwa mbele ya wanachama siku ya harambee

 

Sisi ni walimu wanne, watoto wenu, na kituo chetu cha kazi ni Kigali. Watatu tunafundisha Kiswahili na mmoja hisabati. Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, na hiyo ndiyo kazi iliyotupeleka kule. Mwenyekiti alituomba tuseme neno kuhusu maisha ya ugenini. Tumeona tuwaeleze siku mbili tu, kwa sababu zinagusa jambo lililotukutanisha leo.

Mwezi wa Novemba tulikubaliana kupumzika. Ijumaa baada ya vipindi tukapanda basi stendi ya Nyabugogo, tukapita Muhanga, tukazunguka milima hadi Karongi, mji ulio kando ya Ziwa Kivu, ambao wengi bado wanauita Kibuye. Shabaha yetu ilikuwa kupanda boti, kuwaona popo wa kisiwa kinachoitwa Napoleon, na kula sambaza. Hao sambaza msidhani ni wageni kwetu. Ni dagaa wa Ziwa Tanganyika, waliopandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Nao wako ugenini kama sisi, na wamestawi.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na Jumamosi hiyo Rwanda nzima ina umuganda. Asubuhi maduka hufungwa, magari hupungua barabarani, na watu hutoka na majembe kufanya kazi za pamoja. Wapare wenzetu, hapo hatukuhitaji mkalimani. Ni msaragambo ule ule tuliolelewa nao, ila wenzetu wameupangia siku na saa. Tukaazimwa majembe, tukaungana na majirani wa nyumba tuliyofikia kuzibua mfereji unaopitisha maji ya kilima. Kazi ilipokwisha watu walikaa chini wakazungumza habari za mtaa wao.

Mchana mvua ikaanza. Hiyo si manyunyu. Ilinyesha Jumamosi yote, ikalala nasi, ikaamka nasi Jumapili. Mwenye boti alisema hatoki, na hakuna aliyembishia. Popo hatukuwaona. Sambaza tuliwala barazani, wa kukaanga, tukitazama ziwa likipotea ndani ya ukungu.

Watu wa kule hawaichezei mvua. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 130 katika majimbo ya magharibi na kaskazini mwa nchi hiyo. Nasi hatuna haja ya kuwakumbusha Novemba 2009, kilima kilipoporomoka kule Mamba Myamba. Ndiyo maana milima yao imekatwa matuta ya ngazi, na mifereji inazibuliwa kabla ya mvua, si baada ya msiba.

Lakini kilichotukaa rohoni barazani pale ni kitu kidogo zaidi. Paa la nyumba ile lilikuwa na gata pande zote. Maji yalishuka kwenye bomba, yakaingia kwenye tangi, na tangi lilipojaa yaliyozidi yalifuata mfereji hadi migombani. Mama mwenye nyumba alitueleza kwamba mvua ya kwanza baada ya kiangazi huiacha imwagike, kwa kuwa inaosha vumbi na kinyesi cha ndege juu ya bati. Baada ya hapo hukinga. Mdomo wa tangi ameufunika kwa wavu wa mbu, na maji ya kunywa huyachemsha.

Mwenzetu wa hisabati hawezi kukaa bure. Akachukua daftari. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1 ya maji. Tukachukua jengo moja la madarasa kama yale ya kwetu, lenye paa la mita 20 kwa 8, yaani mita za mraba 160. Mvua moja ya milimita 20 inaleta lita 3,200. Toa sehemu ya tano inayopotea kwa kuruka na kuvuja, zinabaki lita 2,560. Mvua nne za namna hiyo zinajaza tangi la lita 10,000.

Tukaendelea. Tuseme mvua ya mwaka mzima ni milimita 500 tu, kwa sababu tunazijua tambarare zetu. Paa hilo moja linapokea lita 80,000, na zinazoweza kukingwa ni lita 64,000. Mtoto wa shule anabeba dumu la lita 5. Hayo ni madumu 12,800, kutoka jengo moja. Baada ya hesabu hiyo tulikaa kimya kidogo, maana kila mmoja wetu amewahi kubeba dumu hilo kwenda shule, na wadogo zetu wanalibeba hadi leo. Kiangazi kikikaza, kipindi cha kwanza kinaliwa na safari ya maji.

Wapo watakaosema tusubiri bomba. Mradi wa Same, Mwanga na Korogwe unaotoa maji Bwawa la Nyumba ya Mungu ni mkubwa na tunaushukuru. Lakini bomba halipandi kila kilima, na hata linapofika, maji ya paa hayana bili. Wengine watasema matangi yalishaletwa yakakauka. Ni kweli. Tangi lisilo na gata ni pambo, na koki iliyokatika bila mtu wa kuibadilisha inamaliza kazi ya harambee nzima.

Wazee wetu walilijua hili zamani. Ndiva za milimani zilikinga maji usiku, zikafunguliwa mchana, na kila shamba likapata kwa zamu. Ndiva haikudumu kwa mawe na udongo peke yake. Ilidumu kwa sababu ilikuwa na wasimamizi, ilikuwa na zamu, na siku ya kuzoa tope kila mtu alifika.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, tunaunga mkono azimio la mwaka huu la gata na matangi kwa shule zetu za msingi, na tunaomba mambo matatu. Kila tangi linunuliwe pamoja na gata zake, koki ya akiba na wavu. Kila shule iwe na kamati ya maji yenye wazazi na walimu, inayoleta taarifa katika mkutano huu kila mwaka. Na kazi ya kuchimba msingi na kubeba mawe ifanywe kwa msaragambo, ili fedha mtakazotoa leo ziende dukani na kwa fundi tu.

Sisi wanne tumeahidi gata za jengo moja, kila upande, na fedha hizo tumeshazikabidhi kwa Mweka Hazina. Ndugu mliopo hapa na mtakaosoma maneno haya mkiwa mbali, chukueni jengo moja, au tangi moja, au hata koki moja. Vuli iko karibu, na bati tayari liko juu.