Mkojo wa Mama Mjamzito: Kipimo Huanzia Chooni



Nimepewa mada ya upimaji wa mkojo kliniki. Upande wa maabara nitaupita haraka, maana humu ndani wapo wanaoujua kunishinda. Kijiti kisomwe kwa saa, si kwa kukisia: protini kwa kawaida sekunde 60, chembe nyeupe dakika 2. Kopo la vijiti lifungwe papo hapo, kwani unyevu huviharibu. Hayo yanatosha. Ninachotaka tukizungumzie ni pale majibu yanapoharibikia, kati ya meza ya mkunga na mlango wa choo.

Tazameni tunavyofanya. Mama anaitwa mbele ya benchi lililojaa watu, anakabidhiwa kikopo, anaambiwa, "Kaweke mkojo." Basi. Haelezwi mkojo upi wala kiasi gani. Akitoka chooni, kikopo hakina kifuniko, na hapo kwenye foleni yupo jirani yake, pengine na mkwewe. Anakificha kwenye upindo wa khanga. Mwingine huona heri aseme mkojo haujaja, nasi tunamhesabu mkaidi.

Madhara yake tuyaone kwenye protini. Mimba ikishapita wiki 20, presha ya 140/90 au zaidi pamoja na protini kwenye mkojo ni njia ya kuelekea kifafa cha mimba. Lakini ute wa ukeni huongezeka wakati wa ujauzito, na ute huo nao una protini. Mkojo wa mwanzo huuzoa, kijiti kikabadilika rangi kwa mama asiye na tatizo lolote. Anaandikiwa rufaa, mumewe anahangaika na nauli, na hospitali wanamrudisha mzima.

Hilo ni baya, ila lipo baya zaidi. Tukishaona protini za uongo nyingi, tunazizoea. Siku anapokuja mama mwenye protini ya kweli, mtu anasema, "Huo ni uchafu tu," na kuandika kwenye kadi kwamba mkojo ni safi. Kwa maoni yangu, mazoea haya yanatuumiza kuliko uhaba wa vijiti. Na nisisitize: mama mwenye presha ya juu, anayeumwa sana kichwa au kuona maluweluwe, asisubirishwe mkojo. Huyo ni wa dharura hata kama kijiti hakioneshi kitu.

Maelezo sahihi hayazidi dakika moja. "Mama, nawa mikono, jisafishe kwa maji kuanzia mbele kwenda nyuma. Anza kukojoa, ule wa kwanza uache uende. Kisha kinga wa katikati, usiguse ndani ya kikopo. Kikifika nusu, kiondoe, umalizie chooni." Binti wa mimba ya kwanza aambiwe faraghani, taratibu, kisha aulizwe kama ameelewa. Mama wa mimba ya sita naye aambiwe; huenda hajawahi kuelezwa.

Kuhusu chupa za nyumbani, tuzikatae. Chupa ya soda iliyosuuzwa kwa haraka hubaki na sukari, na klorini ya kusafishia nayo hudanganya kijiti. Tena hata sukari ya kweli kwenye mkojo peke yake si kisukari, kwa kuwa figo za mjamzito huivujisha kirahisi. Apimwe damu.

Sasa UTI. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unapendekeza mkojo wa katikati uoteshwe ili kuwapata wenye bakteria wasio na dalili. Pasipo uwezo huo, kupaka rangi ya Gram na kutazama kwa darubini kunapendelewa kuliko kijiti. Anayekutwa nao hutibiwa kwa siku 7, kwani bakteria hao wanaweza kupanda hadi kwenye figo. Zahanati zetu nyingi zina kijiti tu, na kijiti kilichochovywa kwenye mkojo wa mwanzo, au uliokaa juani tangu asubuhi, huwapa dawa wasiozihitaji.

Wenzangu mnaotoka kwenye maeneo yenye kichocho cha mkojo, kwenu utaratibu ni tofauti kidogo. Mayai huonekana zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, na matone ya mwisho ndiyo yenye mengi. Mkojo wa saa 1 asubuhi unaweza kuyakosa. Mama akikutwa nayo, prazikwanteli inaruhusiwa baada ya miezi mitatu ya kwanza.

Kwenye vikundi naomba tujadili mambo yanayowezekana bila kungoja bajeti ya wilaya: vikopo vyenye vifuniko, ndoo ya maji na komeo chooni, rafu ya kuwekea kikopo mama anapojifunga khanga, na kidirisha cha kupitishia sampuli moja kwa moja maabara. Kila kikundi kitaje pia jina la cheo cha atakayetoa yale maelezo ya dakika moja, asubuhi ya kliniki yenye akina mama wengi na muuguzi mmoja.