Taa Zikizimwa Katikati ya Mechi: Marekani na Viongozi wa Mrengo wa Kushoto

Haya ni mazungumzo niliyotoa kwenye mjadala wetu wa wanafunzi. Nimeyaandika vile niliyasema, nimeondoa tu kelele za nyuma. Sheria ya uzi huu mnaijua: hatutaji mwanasiasa wala chama. Nchi, miaka na pesa nitataja.

Wenzangu, kuna ubishi mmoja hauishi. Mtu akimtaja kiongozi wa mrengo wa kushoto, wa nchi yoyote ile, chumba kinagawanyika. Hawa wanasema, "Angalia foleni za mkate, huo ndio ujamaa." Wale wanajibu, "Wapi! Ni Marekani iliharibu." Halafu kila mtu anaenda nyumbani na msimamo aliokuja nao.

Mimi naona shida iko hapa. Marekani ikiingilia kati, haimwangushi kiongozi peke yake, inaharibu na ushahidi. Ni kama mechi imezimwa taa dakika ya sitini. Mashabiki wa huku wataapa walikuwa wanashinda, wa kule wataapa wangerudisha mabao, na hakuna refa wa kuamua.

Tuchukue Chile, manake huko nyaraka zipo. Septemba 1970, mgombea wa kushoto aliongoza kwa kura kama asilimia 36, akimpita wa pili kidogo sana. Bunge lilitakiwa kumthibitisha Oktoba. Kabla halijafanya hivyo, tarehe 15 Septemba, rais wa Marekani alimwita mkurugenzi wa CIA Ikulu yake. Maelezo aliyoandika mkurugenzi huyo kwa mkono wake yapo hadi leo: uchumi wa Chile ubanwe mpaka upige mayowe. Yaani mtu hajakaa kitini hata siku moja, hajavuruga kitu, na tayari ameshahukumiwa.

Ripoti ya Seneti ya Marekani yenyewe, ya 1975, inasema kuanzia 1970 hadi mapinduzi ya 1973 CIA ilitumia kama dola milioni 8 huko kwa kazi za siri. Nyingine zilienda kwa vyama vya upinzani, nyingine kwa gazeti la El Mercurio. Benki ya Dunia nayo haikuipa serikali hiyo mkopo mpya hata mmoja.

Sasa wale wa kushoto hapa ukumbini wanatikisa vichwa kukubali. Ngojeni kidogo.

Serikali ile ile ilipandisha mishahara kwa kishindo mwaka 1971, ikafunga bei za bidhaa, na pengo ikaliziba kwa kuchapisha pesa. Mwaka wa kwanza uchumi ulikua kwa kasi na watu wakafurahi. Lakini ukiongeza pesa mifukoni bila kuongeza bidhaa dukani, na bei umezikataza kupanda, rafu zinabaki tupu na biashara inahamia kwa magendo. Mwaka 1972 mfumuko wa bei ulipita asilimia 100. Bei ya shaba, iliyokuwa inalisha nchi, ilikuwa imeshuka kwenye soko la dunia. Hayo ya kuchapisha pesa hayakuletwa na CIA. Yaliamuliwa Santiago.

Halafu Oktoba 1972 wenye malori wakagoma. Chile ni nchi ndefu na nyembamba kama ukanda, malori yakisimama, chakula kinasimama. Je, ule ulikuwa mgomo wa watu waliochoka kweli ama wa kununuliwa? Ripoti ile ya Seneti inasema Marekani haikuidhinisha pesa ziende moja kwa moja kwa wagomaji, ila huenda zilipenya kupitia makundi mengine iliyoyafadhili. Ebu gawanya lawama hapo. Mimi nimejaribu mara kadhaa na sijawahi kupata hesabu inayolala vizuri.

Tarehe 11 Septemba 1973 ndege za jeshi zikapiga ikulu, rais akafia humo ndani. Wanajeshi walitawala mpaka 1990, na zaidi ya watu 3,000 waliuawa au wakapotea. Baada ya damu kama hiyo, nani atakaa aulize habari ya kuchapisha pesa? Anayemtetea marehemu halazimiki kujibu hilo, na anayempinga halazimiki kujibu ile Septemba 15.

Karibu na kwetu ni Kongo. Waziri mkuu wa kwanza (kuna barabara Roysambu yenye jina lake, kwa hivyo msinilazimishe nivunje sheria) alikaa madarakani wiki kama kumi tu mwaka 1960. CIA ilipeleka sumu ya kumuua. Haikutumika, Januari 1961 aliuawa kwa risasi kule Katanga, na Wabelgiji walikuwepo. Namheshimu. Lakini tukisema ukweli, tunamheshimu kwa aliyoyasema, manake ya kutenda hakupewa muda.

Kuba ni kinyume chake: huko kiongozi hakuanguka. Walivamiwa 1961 wakashinda, vikwazo kamili vikaja 1962, na Seneti ilithibitisha njama zisizopungua 8 za kumuua kiongozi wao. Vikwazo vinaumiza raia, hilo silipingi. Lakini havikuandika sheria ya chama kimoja. Mwaka 2003 serikali ilikamata watu 75, wakiwemo waandishi wa habari, kwa madai kwamba wanatumikia Marekani. Na kwa sababu Marekani kweli ilishavamia na kupanga kuua, madai kama hayo yanaingia masikioni kirahisi. Adui wa kweli ni kisingizio kizuri kuliko adui wa kubuni.

Tabia hiyo tunayo hata sisi. Ukisema matajiri waongezewe kodi, wewe mkomunisti. Ukiuliza hesabu za mradi wa serikali, wewe kibaraka wa mabeberu. Majina yote mawili yanafanya kazi moja, kukuondoa kwenye swali.

Mimi nikisoma kuhusu kiongozi kama hawa, natenga aliyoyaamua mwenyewe na aliyoletewa, halafu natafuta wananchi wake walisema nini walipopewa nafasi.

Chile waliipata. Machi 1973, foleni zikiwa ndefu na bei zikiwa juu, walichagua bunge. Upande wa serikali ulipata kama asilimia 44. Haikufika nusu, lakini ilipita ile 36 ya kura ya urais. Upinzani ulikosa theluthi mbili za kumwondoa rais kisheria. Uchaguzi wa urais ulikuwa ufanyike 1976, Wachile wamhukumu wenyewe.

Walipiga kura ya urais tena Desemba 1989.