Kabla ya Kuuza, Tubakize cha Sufuria

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya siku moja ya kamati za sharika za Njombe na Makambako. Tunaichapisha kwa manufaa ya sharika zote na marafiki wanaotusaidia.



Tumeombwa kuzungumza juu ya mapishi ya familia kwa gharama nafuu. Huenda baadhi yenu mmeshangaa kwamba ofisi ya miradi, iliyozoea habari za visima na mabati, leo inakuja na habari za maharage. Tunaomba mtuvumilie. Tutaeleza sababu, tutapika kwa maneno, na mwisho tutaomba mambo matatu.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Katika semina moja ya lishe tuliyoendesha miaka ya nyuma tulipika wali, nyama ya ng'ombe, kabichi na matunda ya kununua. Watu walikula wakashiba. Wakati wa maswali alisimama bibi mmoja anayelea wajukuu watatu. Akasema, "Chakula tumekula, tunashukuru sana. Lakini kesho nyumbani nipike nini?" Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumefundisha mlo wa siku ya harusi, naye alihitaji mlo wa siku ya Jumanne. Hotuba hii ni jibu tunalomdai bibi yule.

Hali ilivyo

Ndugu zangu, mkoa wetu wa Njombe ni mkoa wa chakula. Tunalima mahindi, viazi mviringo, maharage, njegere, ngano, mboga za kila namna, na sasa maparachichi yanayovuka bahari. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 50.4 ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa nchi nzima ni asilimia 30. Jirani zetu wa Iringa walikuwa asilimia 56.9, na Rukwa asilimia 49.8. Tazameni jambo hili la ajabu: mikoa inayolisha taifa ndiyo yenye watoto waliodumaa zaidi.

Mtoto aliyedumaa ni yule ambaye urefu wake ni mdogo kuliko umri wake. Anaweza kuwa na mashavu mazuri, anacheza, anacheka, na hakuna jirani anayeshtuka. Ndiyo maana mizani peke yake haitoshi. Lazima apimwe na urefu. Udumavu huanza tangu mimba na hujengeka zaidi kabla ya mtoto kufikisha miaka miwili. Ukipita umri huo, kuurekebisha ni vigumu. Mtoto huyo yumo katika hatari ya kuugua mara kwa mara na kupata shida darasani. Wengine husema ni urithi wa ukoo. Lakini urithi hauwezi kueleza nusu ya watoto wa mkoa mzima.

Zipo sababu nyingi: magonjwa, maji yasiyo salama, mama mjamzito anayefanya kazi nzito bila kupumzika. Leo tunazungumzia ile iliyo mikononi mwetu kila jioni, yaani sufuria.

Chakula kinakwenda wapi?

Nendeni Makambako siku ya soko, pale barabara ya kwenda Songea inapoachana na barabara kuu ya Mbeya, karibu na stesheni ya TAZARA. Mtaona malori yakipakia viazi kwa lumbesa, gunia lililojazwa mpaka likafungwa kilemba. Mkulima anauza kwa lumbesa, halafu anarudi nyumbani na sembe nyeupe, sukari, soda na maandazi. Maharage yameuzwa yote. Mayai yameuzwa. Parachichi kubwa limekwenda kwa mnunuzi, na lile dogo limeachwa linaoza chini ya mti kwa sababu tumezoea kuliona ni tunda la biashara.

Hatusemi watu wasiuze. Ada ya shule, mbolea na matibabu vinatoka hapo hapo. Tunachosema ni kwamba tunauza kwanza, halafu kinachobaki ndicho tunachokula. Tunataka mpangilio ugeuzwe: tubakize kwanza cha sufuria, ndipo tuuze. Mlo wa gharama nafuu hauanzii jikoni. Unaanzia siku ya mavuno, pale baba na mama wanapoamua nini kisipande lori.

Tulishawahi kujifunza

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1983, Njombe ikiwa bado wilaya katika mkoa wa Iringa, ulianzishwa mpango mkubwa wa lishe wa mkoa huo. Uliendeshwa na Serikali yetu pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Serikali ya Italia. Wazee mliopo mnakumbuka siku za kupima watoto vijijini. Matokeo yalisomwa mbele ya serikali ya kijiji, watu wakajiuliza kwa nini mtoto fulani hakuongezeka, kisha wakaamua la kufanya. Utapiamlo mkali ulipungua sana, na njia ile ya kupima, kuchambua na kutenda ikaigwa katika nchi nyingine.

Somo kubwa la wakati ule lilikuwa kwamba tatizo mara nyingi si ghala tupu. Mama anatoka shambani amechoka, anapika mara mbili kwa siku, na mtoto mdogo mwenye tumbo dogo anakula mara hizo mbili tu pamoja na wakubwa. Hawezi kushiba kwa siku nzima. Tulilijua hili miaka arobaini iliyopita. Mtaona kwamba kazi yetu leo ni kukumbuka.

Tuingie jikoni

Bei hubadilika kila msimu, hivyo hatutataja shilingi. Tutataja vipimo kwa nyumba ya watu sita.

Kwanza, ugali wa dona na maharage ya karanga. Dona ina kiini cha punje na pumba, na huko ndiko viliko vitamini na mafuta ambayo sembe imeyaacha mashineni. Tena hupotezi kilo kwa kukoboa. Loweka nusu kilo ya maharage tangu usiku, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya ukiwa umefunika. Yataiva upesi zaidi na kuni zitapungua. Kaanga kitunguu katika mafuta kidogo ya alizeti mpaka kiwe cha kahawia, weka nyanya mbili na karoti moja iliyokwaruzwa, ndipo umimine maharage. Ongeza kikombe kimoja cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa. Acha vichemke mpaka rojo iwe nzito. Chumvi yenye madini joto itiwe mwishoni. Kitunguu kilichokaangwa vizuri ndicho kinachomfanya mtoto aombe kuongezwa. Msidharau ladha, chakula chenye virutubisho ambacho mtoto anakikataa hakijamsaidia.

Pili, majani ya maboga au chainizi au mnafu. Osha kabla ya kukata, si baada ya kukata, maana virutubisho huondoka na maji. Majani ya maboga yamenywe nyuzi. Pika kwa muda mfupi na maji kidogo, kisha tia karanga au mafuta, kwa sababu vitamini A haiingii vizuri mwilini bila mafuta. Kamua ndimu ukiipata. Husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharage. Na chai ya rangi, ingawa ni zao letu na baridi ya Julai inatuita, ingoje kama saa moja baada ya chakula, maana huzuia madini hayo.

Tatu, mchemsho wa viazi, njegere na dagaa. Viazi kilo moja na nusu, njegere vikombe viwili, karoti, kitunguu, nyanya, na vikombe viwili vya usipa kutoka Ziwa Nyasa upande wa Ludewa. Chagua dagaa, ondoa mchanga, osha kwa maji ya uvuguvugu, wakaange kidogo pekee yao ili harufu ikate, kisha waingie sufuriani mwishoni. Wote wanakula sufuria moja. Kwa mtoto aliyetimiza miezi sita, toa kiazi na njegere, ponda vizuri, changanya na kipande cha parachichi lile dogo ambalo mnunuzi amelikataa. Hicho ni chakula cha mtoto ambacho hakuna duka linalokizidi.

Nne, kande. Mahindi yaliyokobolewa vikombe vinne na maharage vikombe viwili, vyote vilowekwe usiku. Pika pamoja, ndipo uunge kwa kitunguu, nyanya na karanga. Kwa hali ya hewa ya Njombe sufuria ya jioni inafika asubuhi. Ichemshwe tena vizuri, watoto wale kabla ya kwenda shule.

Kuhusu uji wa mtoto, tunaomba tusahihishe mazoea. Wengi tunachanganya nafaka tano au sita tukidhani wingi ndio lishe. Nafaka ni nafaka, hata zikiwa sita. Unga wa dona au ulezi peke yake unatosha, kisha unaongeza kitu cha kundi jingine: maziwa, yai, karanga au dagaa waliotwangwa. Karanga zikaangwe na kutwangwa kidogo kidogo, zisichanganywe kwenye unga wa mwezi mzima. Zenye ukungu zitupwe, wala wasipewe kuku, kwa sababu ya sumu kuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Uji uwe mzito, ukae kwenye kijiko. Baada ya miezi sita ya maziwa ya mama pekee, mtoto ale mara mbili hadi tatu kwa siku, na kuanzia miezi tisa mara tatu hadi nne, akiendelea kunyonya. Awe na kibakuli chake, ili tujue amekula kiasi gani.

Jambo gumu

Sasa tuseme jambo ambalo litatuuma kidogo. Kila mwaka katika Sikukuu ya Mavuno tunaleta kanisani mahindi, maharage, kuku na mayai. Baada ya ibada panafanyika mnada. Mwenye mshahara ananunua trei la mayai, tunapiga makofi, mfuko wa usharika unakua. Je, tumewahi kuuliza kama katika nyumba ile yalikotoka mayai yupo mtoto aliyeonja hata moja wiki hiyo?

Hatuji kupunguza sadaka. Ofisi hii inaishi kwa sadaka zenu. Lakini Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoeleza maana ya mkate wa kila siku, alihesabu humo chakula, shamba, mifugo na nyumba yenye amani. Mkate huo tunauomba kwa ajili ya mtoto pia. Itakuwa ajabu tuuombe madhabahuni, kisha tuuondoe mezani kwake.

Maombi yetu

Kwa kamati za sharika tunaomba mambo mawili. La kwanza, mwaka huu kabla ya Sikukuu ya Mavuno, wazee wa kanisa wapite katika mitaa yao na kuzungumza na akina baba, si akina mama peke yao, kuhusu akiba ya nyumba: magunia mangapi ya mahindi, debe ngapi za maharage, na mayai mangapi kwa wiki ni ya watoto na hayauzwi. Baba ndiye mara nyingi anayeelewana na mwenye lori. Basi baba ajue na sufuria. La pili, mpange na zahanati iliyo karibu ili watoto wapimwe uzito na urefu, na mjadili matokeo kama tulivyofanya miaka ya 1980, bila kumwaibisha mzazi yeyote.

Kwa marafiki wafadhili tunaomba moja. Tunajua ni rahisi kupiga picha ya mtoto akipokea pakiti ya unga wa lishe. Pakiti huisha. Tusaidieni katika vitu vidogo visivyopendeza kwenye picha: ubao wa kupimia urefu, miche ya mboga, na chanjo ya mdondo kwa kuku wa kienyeji. Chanjo hiyo ni tone moja la jicho, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mdondo ukipita kijijini, mayai ya mwaka mzima yanakwisha kwa wiki moja. Kuku wakipona, mama ana yai la kuuza na yai la kubakiza, wala halazimiki kuchagua kati ya daftari na mtoto.

Bibi yule bado yupo. Tulipomtembelea hivi karibuni alikuwa amepanda chainizi nyuma ya nyumba, karibu na mahali anapoogea, ili maji yasipotee. Juu ya jiko palikuwa na maharage. Alitukaribisha tule, nasi tukasita kidogo, tukihofu kuwapunguzia wajukuu. Akatucheka. "Kuleni," akasema, "ya watoto nimeshatenga."

Huo ndio mpangilio tunaouomba kwa sharika zote. Mungu abariki mashamba yenu na masufuria yenu.