Saa ya babu: isome kabla hujaiuza



Katika mkoa wetu wa Mara zipo saa za mfukoni zilizolala ndani ya masanduku ya wazee. Ziliingia kwa njia ya jeshi, kwa njia ya misheni, na kwa maduka ya Musoma mjini enzi za ukoloni. Wenyewe wamekwisha kufariki, na saa zimebaki kwa wajukuu ambao hata kuzitia ufunguo hawajui. Siku hizi wanapita wanunuzi. Wanaulizia saa ya zamani, wanaipima kiganjani, wanataja bei. Juma hili nataka tuzungumze juu ya swali ambalo kila mwenye saa anapaswa kujibiwa kabla hajapokea pesa: saa hii aliitengeneza nani?

Swali hilo si jepesi. Huko Uswisi, katika milima ya Jura, kazi ya saa iligawanywa kwa miaka mingi baina ya mikono mingi. Huyu alichonga magurudumu, yule alitengeneza kasha, mwingine alipaka uso rangi, na mwingine tena aliunganisha vyote akauza. Wakati mwingine jina lililoandikwa usoni ni la mwenye duka tu, ambaye hakushika hata bisibisi.

Tena yako maneno yanayowapotosha watu. Ukifungua kifuniko ukakuta "Remontoir", usidhani ni jina la fundi. Maana yake ni kwamba saa inajazwa kwa kuzungusha kichwa chake, badala ya ufunguo wa pembeni. "15 Rubis" ni hesabu ya vito vinavyobeba ekseli. "Brevet" ni hataza. Hata jina la Roskopf lahitaji hadhari. Georges Frédéric Roskopf wa La Chaux-de-Fonds alitoa mwaka 1867 saa ya bei nafuu kwa ajili ya wafanyakazi. Ilipopendwa, wengine waliiga mtindo wake, na saa zao zikaandikwa "Système Roskopf". Kwa hiyo saa yaweza kubeba jina lake na asiwe ameiona kamwe.

Basi tuanzie wapi? Tuanzie ndani. Fundi afungue kifuniko cha nyuma, atazame mashine kwa kioo cha kukuzia. Jina au nembo iliyopigwa kwenye mashine ina uzito kuliko ile ya usoni. Nyingine hujificha chini ya uso, na haionekani mpaka uso utolewe. Kasha nalo lina habari zake. Kwa sheria ya Uswisi ya mwaka 1880, fedha ilianza kupigwa mihuri rasmi: dubu kwa fedha ya 0.875, na ndege wa porini kwa ile ya 0.800. Mihuri hiyo hutaja ubora wa madini. Haitaji fundi. Lakini msalaba wa Uswisi wenye namba kando yake mara nyingi ni namba ya hataza, na namba hiyo inaweza kukufikisha kwa aliyeisajili. Namba ya mfululizo nayo ni muhimu. Kampuni ya Longines ya Saint-Imier, kwa mfano, ina kumbukumbu ambazo kwazo saa yake hujulikana ilitengenezwa lini.

Nitawapa mfano wa hapa hapa. Familia moja ya Bunda iliachiwa saa na babu aliyekuwa keya. Uso ulikuwa umekwanguka, hakuna jina. Mnunuzi mmoja akawaambia ni saa ya Mjerumani isiyo na thamani, akatoa bei isiyofika ya mbuzi mmoja. Mjukuu mkubwa alitaka kuuza, kwa kuwa ada ya mtoto ilikuwa inadaiwa. Mdogo wake akakataa, na maneno yakawa makali. Mwishowe waliileta Musoma kwa fundi wa Barabara ya Mukendo, nami nilikuwapo.

Nyuma ya saa palikuwa na mshale mpana na herufi G.S.T.P., kisha namba. Mshale ule ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na herufi zile zilipigwa kwenye saa za jeshi lake wakati wa Vita Kuu ya Pili. Fundi alipofungua, kwenye mashine palisomeka Cyma, kampuni ya Uswisi, mojawapo ya zilizoliuzia jeshi hilo saa. Kumbe Mjerumani hakuwamo kabisa. Mnunuzi alipopata habari alirudi na bei mara tatu ya ile ya kwanza. Hapo ndugu wote wawili walielewa kuwa alijua tangu mwanzo.

Hata hivyo fundi alisema neno la busara: mshale unatuambia saa ilikuwa ya jeshi, hautuambii nani aliibeba. Hilo lilijibiwa na cheti cha kuachishwa jeshi, kilichokuwa kimekunjwa ndani ya bati la majani ya chai. Saa na cheti, kila kimoja peke yake, vilikuwa nusu ya habari.

Sisemi watu wasiuze. Ada ya mtoto ni haja ya kweli, na mali ni ya mwenyewe. Nasema auze akijua. Asiisugue saa kwa mchanga wala majivu, maana mihuri hufutika. Asimpe mnunuzi aende nayo "kuichunguza". Aandike kwenye daftari namba zote, jina la mzee, na namna alivyoipata. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Pale Butiama, katika makumbusho ya Mwalimu Nyerere, wageni hutazama vitu ambavyo vingine ni vya kawaida kabisa. Vina heshima kwa sababu vinajulikana vilikuwa vya nani. Mkongwe wetu wa Bunda hana makumbusho. Ana saa, cheti na wajukuu wawili. Tusikubali habari zake zinunuliwe kwa bei ya chuma chakavu.