Kidonda Kimefunga, Bega Bado

(Maneno ya Katibu kwenye mkutano wa wanachama. Yameandikwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakufika.)



Leo hatusemi habari ya bei wala mbolea. Tunasema habari ya bega. Na tunaanza kwa kujikosoa, maana kosa ni letu.

Mwenzetu mmoja alikatika kano ya bega. Akapelekwa hospitali, akafanyiwa upasuaji wa matundu madogo. Aliporudi tukatazama: vitundu vitatu tu, kila kimoja hakizidi upana wa ukucha! Baada ya mwezi na nusu vidonda vimefunga, kitambaa cha kutundikia mkono kimetoka shingoni. Basi sisi viongozi tukampanga zamu ya kupakia magunia. Akasema, "Daktari kanikataza." Wako waliocheka, wakamwita mtegaji. Akabeba kwa aibu. Usiku ule bega likamwuma sana, ikabidi arudishwe hospitali. Bahati nzuri kano haikukatika tena. Lakini bahati siyo mpango, jamani.

Sasa tumeuliza, tumeelezwa, na sisi tunawaeleza.

Kano ni ule ugwe mgumu unaofunga nyama kwenye mfupa. Bega lina misuli minne ya namna hiyo, inayolishika fupa la mkono lisichomoke. Daktari hupitisha kamera nyembamba katika tundu moja na vyombo katika mengine. Huweka vishikizo vidogo vyenye uzi kwenye mfupa, akaishona kano irudi mahali pake. Hapo ndipo tulipokosea: uzi unaishikilia tu. Kuota na kushikana na mfupa ni kazi ya mwili wenyewe, na mwili hauendi mbio. Ni kama mgomba uliohamishwa. Leo umesimama, lakini ukiutikisa unang'oka, mizizi haijashika.

Kwa kawaida mambo huenda hivi:

1. Wiki 4 mpaka 6 za mwanzo mkono hukaa kwenye kitambaa. Hunyooshwa kwa kusaidiwa tu, kama mtaalamu wa mazoezi alivyoagiza. Kulala ni taabu. Wengi hulala wameegemea mito.
2. Baada ya hapo mkono huanza kujiinua wenyewe, bila mzigo.
3. Karibu mwezi wa 3 huanza mazoezi ya kutia nguvu, kidogo kidogo.
4. Jembe, shoka na gunia ni mwezi wa 6 hivi, na kwa ruhusa ya daktari. Nguvu huweza kuendelea kurudi mpaka mwaka mzima.

Je, baada ya miaka? Uingereza walifuatilia wagonjwa 273 wenye miaka 50 na zaidi, na matokeo yakatolewa mwaka 2017. Baada ya miaka 2, waliopasuliwa kwa matundu na waliopasuliwa kwa kuchanwa walikuwa na nafuu sawasawa. Tundu dogo, basi, halimaanishi kupona haraka. Picha zilionyesha kano imeachia tena kwa karibu watu 4 katika kila 10. Hata hivyo wengi wa hao walikuwa na nafuu kuliko kabla ya kupasuliwa. Norwei walifuatilia watu 103 wenye michaniko midogo na ya kati kwa miaka 10. Walioshonwa, ingawa huko ni kwa kuchanwa, walikuwa na hali bora kuliko walioanza na mazoezi peke yake. Matunda yapo, ndugu zangu, ila yanataka subira. Umri mkubwa, mchaniko mkubwa, kisukari na sigara huchelewesha kupona. Umri hatuuwezi. Sigara je?

Kwa hiyo kamati imeazimia:

Mwanachama aliyeshonwa kano asipangiwe kazi nzito mpaka alete ruhusa ya daktari. Apewe kazi ya mkono mmoja mzima: daftari la mizani, au kulinda ghala mchana. Na akiwa ni mama, majirani wa nyumba kumi wamtekee maji na kumchanjia kuni. Ndoo ya kichwani haimngojei bega kupona.

Mwenzetu yule tumemwomba radhi mbele ya mkutano. Sasa anashika daftari la mizani, na mazoezi yake hakosi. Mwenye hamu ya kucheka, aje atucheke sisi.



Katibu